Kisiwa Alichokiruka Curvin

Jumapili ile, hata sahani hazijaondolewa mezani, Ianthe Blenman aligundua jambo lililomtoa hamu ya pai ya makaroni aliyoipika kwa mikono yake mwenyewe. Mchumba wake alikuwa anaogopa kisiwa.

Bahari haikuwa tatizo, wala meli. Curvin Valmond mwenyewe ndiye aliyelileta wazo la kwenda fungate kwa meli, na ndiye aliyefika na karatasi mbili za rangi zenye ramani kutoka kwa Coralie, wakala wa safari, akazitandaza barazani kwa mama mkwe wake mtarajiwa. Njia ya kusini ilipita Saint Vincent, Grenada, Tobago na Trinidad. Njia ya kaskazini ilipita Dominica, Antigua, Saint Kitts na Saint Maarten. Zote zilianzia Bridgetown na kurudi Bridgetown, siku saba, na jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi.

"Kusini," alisema Curvin, kabla hajaulizwa.

"Nauliza tu, Bwana Valmond," alisema Bi Undine, mama yake Ianthe. Posa ilikuwa imepokewa miezi minne iliyopita, na mpaka siku hiyo mama huyu hakuwahi kumwita kijana wa watu kwa jina lake. "Huko kusini kuna nini?"

"Kuna Grenada, Mama. Ukishuka tu melini unanusa kungumanga."

"Kungumanga zipo hapo dukani kwa Greenidge. Dada yangu Ottalie hayupo dukani kwa Greenidge. Yuko Antigua."

"Mama, hii ni fungate," alisema Ianthe. "Shangazi na fungate wapi na wapi?"

"Tena mama yako mdogo, si shangazi. Na ukipita bandarini kwake bila kumwamkia atanipigia simu kila siku mpaka nizikwe." Bi Undine alijimiminia maji ya mobi, kinywaji cha magome ya mti, akanywa bila kukunja uso, ingawa yalikuwa machungu kuliko dawa. "Halafu mimi sijazaa mtoto wa kushuka gatini kama gunia lisilo na mwenyewe. Mtu wa kwetu akifika bandari yoyote, anapokewa. Anapelekwa nyumbani, anakula, anabebeshwa kitu cha kurudi nacho. Kama hapokewi, basi hana watu."

Maneno ya mwisho aliyasema akimtazama Curvin. Curvin aliinamisha macho kwenye karatasi zake.

Huyo ndiye mwanamume aliyekuja miaka mitatu iliyopita kutengeneza kiyoyozi cha posta ya Speightstown, ambako Ianthe alikaa dirisha la pili. Kazi ya saa mbili ilimchukua siku nne. Siku ya nne mkuu wa posta alimwuliza kama kiyoyozi kina ugonjwa wa moyo, na Curvin akajibu kwamba si kiyoyozi. Ianthe alicheka mpaka akagonga muhuri kwenye kidole chake. Alikuwa na miaka thelathini na miwili wakati ule, na alikuwa ameshaanza kuzoea wazo la kuzeeka na mama yake, wakigombania kiti cha karibu na dirisha.

Sasa alikuwa na thelathini na mitano, na kanisani tangazo la ndoa yao lilikuwa lisomwe mara ya kwanza Jumapili inayofuata. Alimpenda mwanamume huyu kwa namna iliyomtia haya. Akisikia gari lake linapinda kona, mikono yake ilitafuta kazi ya kufanya.

Lakini Ianthe pia alikuwa mtu wa posta, na mtu wa posta hujua nani anaandikiwa na nani. Kwa miaka mitatu, Curvin hakuwahi kupokea barua wala kifurushi kutoka Dominica alikozaliwa, wala kutuma. Aliwahi kumwuliza, na Curvin akasema, "Kule sina mtu tena." Ianthe akaridhika, kwa sababu alikuwa anataka kuridhika.

"Hebu tucheze," alisema Ianthe, akavuta kiti chake karibu. "Nipitishe visiwa vyote, kimoja kimoja, uniambie kila kimoja kina nini. Tuanzie chini kabisa."

Curvin alifurahi, maana alipenda ramani kama wengine wanavyopenda kriketi. Kidole chake chenye kovu la bisibisi kilianzia Trinidad, kikagusa Tobago. Akasema namna roti, chapati za Trinidad, zinavyokufanya usahau adabu. Akapanda Grenada, akapanda Saint Vincent, akasimulia mchanga mweusi unaounguza nyayo. Kwa Saint Lucia alisimulia milima miwili iliyosimama kando ya bahari, na namna alivyowahi kuteleza mbele ya watalii akajifanya anacheza. Hata Bi Undine alitabasamu, kisha akajizuia. Kwa Martinique alisema mkate wao ni mtamu ila bei yake inauma.

Kidole kikaondoka Martinique kikatua Guadeloupe.

"Umeruka kimoja," alisema Ianthe.

"Kipi?"

"Cha katikati."

"Aa, Dominica." Alikunja ile karatasi ya kaskazini mara mbili, taratibu, kama mtu anayekunja shati. "Kule ni milima na mvua tu. Kwenu hapa jua linawaka mwaka mzima, utaugua."

Kwa miaka mitatu Ianthe alikuwa amezijua sura zake za uchovu, za njaa, za wivu na za mahaba. Hii hakuwahi kuiona. Ilikuwa sura ya mtu aliyesikia mlango ukigongwa na anaomba mgongaji aende zake. Usiombe mwanamke mdadisi aione sura hiyo kwa mwanamume anayetaka kuolewa naye. Ianthe aliosha vyombo, akasindikiza gari kwa macho, akalala, na kesho yake akaamka na swali lilelile.

Alhamisi alipotoka kazini alimkuta mama yake jikoni anakuna nazi ya mkate mtamu, na mezani kulikuwa na vifurushi vitano vimefungwa kwa karatasi ya kahawia. Kimoja kiliandikwa Saint Kitts. Viwili Antigua.

"Vya nani hivi? Njia hatujachagua."

"Nyie hamjachagua. Mimi na majirani tumeshachagua." Bi Undine hakuinua macho. "Kaa, Ianthe."

"Nimekaa kutwa, Mama. Sema."

"Nataka ujue nilifanya kwa nia njema." Hapo ndipo Ianthe alipokaa. "Nilifikiri, kama meli itatia nanga Roseau huko Dominica, haitapendeza mkwe wangu ashuke kwao asione hata sura moja. Hata kama hana mtu, jirani wa zamani hakosi. Nikamwambia Dada Hyacinth wa kwaya, yeye kwao ni kule. Nikamwambia ni Valmond wa Grand Bay, amtafutie mtu wa kumpungia mkono tu. Nikafunga na kifurushi."

"Halafu?"

"Halafu amenijibu leo." Bi Undine aliiweka nazi chini. "Mama yake yupo hai. Anauza mkate sokoni Roseau kila Jumamosi. Na kulikuwa na bibi arusi, mwanangu. Tangazo lilisomwa Jumapili mbili, nguruwe ameshanunuliwa, keki imeshaiva. Wiki ya harusi bwana akaamka alfajiri, akapanda boti. Ni miaka kumi na miwili hii."

Ianthe alitaka kusema kwamba Dada Hyacinth ni mwongo, na alijua si mwongo. Lililomtesa zaidi ni kwamba ndani ya ule mshtuko kulikuwa na sauti ndogo iliyosema, kumbe ndicho hiki.

"Sikusemi," alisema mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu posa sauti yake haikuwa na makali. "Ila aliyekimbia mara moja njia anaijua. Na wewe una mtoto mmoja tu wa kumlilia, ambaye ni wewe mwenyewe."

"Mama, hiyo haieleweki."

"Naijua. Nimechanganyikiwa."

Ianthe hakubadilisha hata viatu. Karakana ya Curvin ilikuwa mwendo wa dakika kumi, nyuma ya soko la samaki, na alimkuta ameingiza kichwa na mabega ndani ya friji la mtu. Akasimama mlangoni akautazama mgongo ule alioupenda.

"Mama yako anauza mkate wa aina gani?" aliuliza.

Mgongo ulitulia. Curvin alitoka taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka vidole vikaisha.

"Wa kawaida," alisema. "Ila anauoka juu ya jani la mgomba. Chini unabaki na alama za jani."

"Uliniambia huna mtu."

"Nilikuambia siku ya pili tu tumejuana, Ianthe. Sikujua kwamba utakuwa wewe. Ilikuwa rahisi kusema. Kesho yake ikawa ngumu kuitengua, na kila siku ikawa ngumu zaidi."

"Na huyo bibi arusi?"

"Anaitwa Yolande. Nyumba yao na yetu zimepakana." Alikaa juu ya kreti, akamwachia Ianthe kiti kizima, akamtazama usoni. Ianthe hakukaa. "Mama zetu walikuwa wamepanga tangu tunatambaa. Yeye alinipenda. Mimi sikuwa na neno naye, nilimwona kama dada. Kila mtu aliponiuliza nilisema ndiyo, kwa sababu ndiyo haina ugomvi. Nikasema ndiyo mpaka nikajikuta napimwa suti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikashindwa kumwambia hata mtu mmoja. Nikaondoka bila kumuaga yeye wala mama."

"Mama yako alisema nini?"

"Hajasema. Nampigia kila Krismasi. Anaitika, anasikia ni mimi, anakata." Alijaribu kutabasamu. "Angalau najua yupo hai. Anaitika kwa nguvu."

Ianthe alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga kwa lile friji. Vyote viwili vilimjia kwa pamoja na kwa uzito mmoja, na hilo lilimkera.

"Mimi nakupenda," alisema Curvin. "Hilo sikulisema ili mtu asigombe."

"Nalijua. Ndiyo maana naumia." Akaegemea mlango. "Lakini Yolande naye alidhani analijua. Tangazo letu linasomwa Jumapili, Curvin. Nitajuaje kwamba Jumatatu ya wiki ya tatu sitaamka nikaambiwa kuna boti iliyoondoka?"

Curvin alifungua kinywa, na Ianthe akainua mkono.

"Usiseme ndiyo. Usiseme hapana pia. Coralie anafunga ofisi Jumamosi saa sita. Mama sitamruhusu achague, na mimi sichagui. Utachagua wewe njia. Nitakuwa pale."

Aliondoka kwa miguu, akiwa ameunyoosha mgongo, na alilia tu alipolipita soko la samaki, ambako hakuna anayejali nani analia.

Coralie Skeete, wakala wa safari, alikuwa shoga yake tangu darasa la pili. Jumamosi saa tano na nusu alimsogezea Ianthe kikombe cha chai na hakumwuliza lolote, jambo ambalo kwa Coralie lilikuwa sadaka kubwa. Ianthe alikaa akitazama picha za fukwe ukutani. Saa tano na dakika arobaini akazihesabu zilizo na mnazi. Saa tano na dakika hamsini akasema, "Fungua dirisha, shoga, hapa hapana hewa."

"Limefunguliwa."

Saa sita kasoro dakika sita Curvin akaingia. Alivaa shati lake la kanisani, na jasho lilikuwa limelilowesha mgongoni. Alimwamkia Coralie, akamtazama Ianthe kwa muda mrefu kuliko adabu, kisha akakaa.

"Kaskazini," alisema. "Inayotia nanga Roseau."

"Una hakika?" aliuliza Coralie.

"Sina. Andika hivyohivyo."

Coralie alimsogezea fomu. Curvin aliijaza kwa herufi za fundi, kubwa na za kusimama. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Alipofika chini kabisa kalamu ikasita. Ianthe aliinama kusoma, maana hata moyo ukiwa umevunjika udadisi haulali. Ilikuwa nafasi ya kuandika ndugu wa kuarifiwa abiria akipatwa na jambo.

Curvin aliandika: Philomene Valmond. Mama mzazi. Grand Bay. Kisha akaandika namba ya simu bila kuitafuta popote.

"Itabidi nimwarifu kwamba amewekwa hapo," alisema, akaiweka kalamu chini. "Ila atakata."

Ianthe aliitazama ile namba. Tangu Alhamisi alikuwa amejiuliza mwanamume huyu ni nani hasa, akauliza mto wake, akauliza dari. Na huko ng'ambo ya maji alikuwepo mtu mmoja aliyemjua tangu anatambaa, na hakuna aliyemwuliza. Alivuta simu ya mezani ya Coralie, akabonyeza.

"Ianthe," alisema Curvin.

"Nyamaza."

Iliita mara tatu.

"Haloo." Kweli, aliitika kwa nguvu. Nyuma yake zilisikika kelele za soko.

"Shikamoo, Mama. Mimi naitwa Ianthe Blenman, napiga kutoka Barbados. Natakiwa kuolewa na mwanao Curvin."

Kelele za soko ziliendelea. Simu haikukatwa.

"Natakiwa," alisema yule mama hatimaye. "Umesema natakiwa. Hujasema naolewa."

"Ndiyo, Mama. Bado sijaamua. Nilitaka kukuuliza wewe."

"Yupo hapo?"

"Yupo. Ananitazama kama mgonjwa."

"Usimpe simu. Ukimpa atasema samahani, nami nitakata, na nimechoka kukata." Akavuta pumzi. "Ni mwanamume mzuri, yule. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningeshamsahau. Hana kasoro ila moja. Hawezi kumtazama mtu usoni akamwambia asichotaka kusikia. Amekwambia mwenyewe habari za Yolande?"

"Nilimwuliza, akaniambia."

"Akakutazama usoni?"

Ianthe alikumbuka kreti, kile kitambaa, na yale macho. "Ndiyo. Akanitazama."

"Hee," alisema yule mama polepole. Sauti yake ikalegea. "Basi mlete. Mlete hapa, ashuke kwa miguu yake mchana kweupe watu wakimwona. Yolande meza yake ipo karibu na yangu. Ameolewa, ana watoto wanne, hana shida. Ila maneno yake ya miaka kumi na miwili anayo, na ana haki ya kuyasema. Mimi nitakuwa wa kwanza, yeye wa pili. Tukimaliza, kama bado amesimama, nitampa mkate. Hapo utajua kama unaolewa au huolewi."

"Tutapokewa, basi?" aliuliza Ianthe, na machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni.

"Mwanangu, utapokewa wewe. Yeye tutamkamata."

Ianthe alirudisha simu mahali pake. Alimweleza Curvin kila neno, hakupunguza. Curvin alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakutazama mlangoni hata mara moja. Ianthe alikuwa anachunga hilo.

"Nitashuka," alisema Curvin. "Naogopa mno. Lakini nitashuka."

Kengele ya kanisa ilianza kupiga saa sita. Coralie alichukua kalamu, akajikohoza.

"Kwa hiyo niwaandikie kaskazini, meli ya baada ya harusi, wiki sita zijazo?"

"Hapana," alisema Ianthe. "Ya Ijumaa ijayo ina nafasi?"

"Ianthe, hiyo ni fungate kabla ya ndoa. Kesho tangazo linasomwa."

"Mchungaji atasubiri. Nitampitia jioni hii nimwambie mwenyewe, nikimtazama usoni."

"Na mama yako?"

"Atakuja na vifurushi vyake mpaka gatini, utamwona."

Coralie alimtazama shoga yake, akamtazama Curvin, akaigeuza fomu upande wa pili. "Nafasi ipo. Niandike chumba kimoja au viwili?"

"Viwili," alisema Ianthe. "Na chake kiwe karibu na ngazi ya kushukia."